Wino Katika Mafuta ya Nundu

Garissa, 11 Septemba 2023

Kwa Kalekye wangu wa deski moja,

Assalamu alaikum, na najua utaitikia, maana miaka yote tuliyokaa deski moja pale shule ya wasichana ulikuwa ukiitikia kabla ya sisi Waislamu wenyewe. Usinicheke kwa kukuandikia karatasi wakati dunia nzima ina simu. Yangu haina siri. Asubuhi Iftin mwanangu anaisomea, mchana mama mkwe anasikilizia mawaidha, na jambo hili silitaki masikioni mwa yeyote kati yao. Bahasha hii nimempa dereva wa basi la Eastleigh, utaichukua ofisini kwao.

Nimeletewa barua ya mawakili. Kijana wa pikipiki alisimama mlangoni pa duka mbele ya wateja wangu akapaza sauti, "Mama, hii barua iko na jina yako, weka sahihi hapa." Nikaweka, nikidhani ni mzigo. Kumbe ni kampuni ya huko Nairobi inaitwa Almasira, inadai nimewaibia mafuta. Mimi! Wanasema wana hataza, sijui ni mnyama gani huyo, na kwa hiyo niache kupika, niache kuuza, na nisalimishe hata makopo yaliyo rafuni.

Mafuta yenyewe unayajua. Ni yale ya hooyo, Mungu amrehemu mama yangu: nundu ya ngamia iliyoyeyushwa pamoja na manemane, aliyokuwa akiwasugulia wanawake mgongo na tumbo baada ya kujifungua. Mimi ndiye niliyeyatoa mgongoni yakafika, nisemeje, sehemu ile. Ile ya juu ya goti, ambayo mtu akinenepa ngozi yake inaingia vishimo vishimo. Bibi harusi mmoja alijaribu, ngozi ikalainika, akamnong'oneza shangazi yake, na shangazi si mtu wa kunong'ona. Tangu hapo sina nafasi ya kukaa. Eastleigh wanaagiza, Dadaab wanaagiza, watu wa Elwak wananiletea nundu na kurudi na makopo. Hili duka na karo ya Iftin na bati lililo juu ya vichwa vyetu, vyote vimetoka kwenye sufuria hilo.

Zamani kidogo alikuja mama mmoja mwenye miwani, mpole kupita kiasi, akanunua makopo mengi na kuniuliza maswali mengi zaidi. Nilimkaribisha chai, Kalekye. Nilimtilia maziwa mengi.

Nina hasira na nina hofu. Jana nimeunguza sufuria zima kwa kusimama tu nikiwaza. Niambie nifanye nini.

Wako,
Ramlo Dubow


Nairobi, 18 Septemba 2023

Ramlo mpendwa,

Wa alaikum salaam. Umeona, bado naitikia.

Usimjibu mtu yeyote wa kampuni hiyo. Kesi yako naichukua mimi. Halafu jambo jingine: kwenye karatasi za kesi hakuna "sehemu ile". Ni paja. Nitaliandika neno hilo kila ukurasa, jizoeze kulisoma.

Hataza si mnyama. Ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya kitu alichobuni, kwa miaka kadhaa. Lakini kitu chenyewe sharti kiwe kipya. Kama kilikuwa kinauzwa hadharani kabla mtu hajaomba hati, hajavumbua chochote, na baraza la hataza linaweza kuifuta. Almasira waliomba yao mwaka 2020. Wewe ulikuwa umeshaanza kuuza? Kuna mtu ana kopo la kabla ya mwaka huo, ambalo halijafunguliwa?

Sasa sikiliza penye ugumu. Hawadai nundu wala manemane, wanajua hayo ni ya mabibi zetu. Wanachodai ni unga laini mno wa mkaa uliochanganywa ndani ya mafuta. Wanasema huo ndio unaokaza ngozi ya paja na ndio uvumbuzi wao. Wamenunua kopo lako, wakalipeleka maabara, na maabara imeukuta mkaa uleule. Kwao huo ni ushahidi kwamba umewaiga.

Kwa hiyo nina swali moja tu. Huo mkaa uliingiaje kwenye mafuta yako?

Nitumie kopo moja kwa ajili ya ushahidi.

Kalekye Musembi, Wakili
(na deski moja)


Garissa, 25 Septemba 2023

Kalekye walaal,

Dada yangu, kopo la zamani lipo. Amino, mwenye duka la vitambaa Dadaab, alinunua mawili mwaka 2018 kumzawadia mdogo wake siku ya harusi. Bibi harusi alichukua moja, la pili akalirudisha kwa hasira, eti mapaja yake hayana kasoro na asante sana. Limekaa kabatini tangu siku hiyo na karatasi ya zawadi juu yake, tarehe ya harusi imeandikwa. Amino yuko tayari kuapa. Nimemwambia mdogo wake alikuwa na kiburi lakini kiburi chake kitatuokoa.

Kuhusu mkaa, ni moshi. Mimi napikia kuni, si gesi. Sufuria langu ni jeusi ndani na nje, upepo wa Garissa unaujua, unaingiza majivu hata kwenye chai. Moshi unaingia, masizi yanadondoka, ndiyo hayo. Mtu yeyote anayepikia kuni atakwambia. Hooyo pia alipikia kuni. Andika moshi. Sioni kwa nini jambo dogo hivyo liulizwe na maabara.

Kopo la ushahidi limo ndani ya mfuko, nimelifunga vizuri. Tafadhali usiniulize tena hilo la mkaa, nina mengi ya kufikiria.

Ramlo


Nairobi, 16 Oktoba 2023

Ramlo,

Niliandika moshi. Nilisimama mbele ya baraza nikasema moshi, kwa sauti kubwa, nikiwa nimevaa suti mpya. Mtaalamu wa Almasira hakubishana nami. Alicheka, na mwenyekiti wa baraza akacheka kidogo pia, akajifunika mdomo kwa karatasi.

Kopo la Amino lilifunguliwa mbele yetu sote na kupimwa. Mkaa umo, na hapo ningefurahi. Lakini pamoja na mkaa kumekutwa gundi ya mgunga na maziwa ya ngamia, na vitu hivyo vitatu, kwa pamoja, ndivyo vilivyoandikwa ndani ya hataza yao. Moshi hauna gundi, Ramlo. Masizi hayakami ngamia. Sasa wanasema haiwezekani mama wa Garissa avichanganye vitu hivyo kwa bahati tu, kwa hiyo kopo lile limefunguliwa kisirisiri na kujazwa mafuta yao. Wanasema Amino ameapa uongo, na wameomba ashitakiwe. Baraza limekuamuru ufunge duka mpaka uamuzi utoke. Hati ya amri imo humu ndani.

Sikulaumu bado. Nimezunguka meza yangu tangu asubuhi na najua jambo moja: vitu hivyo anavitia mtu kwa makusudi, na anayepika ni wewe. Ni nini hicho? Nikisimama tena pale bila jibu, nitakuwa namsindikiza Amino gerezani.

Kalekye

Ushahidi ulioniletea umekwisha. Leta kopo jingine.


Garissa, 23 Oktoba 2023

Kalekye,

Ushahidi umekwisha? Unaliwa na nini, wakili? Nimecheka mpaka mama mkwe akaja kuchungulia. Halafu nimesoma tena habari ya Amino na kicheko kikanikauka.

Mkaa, gundi, maziwa. Mtoto yeyote wa huku aliyekaa madrasa angekujibu kabla hujamaliza kuuliza. Ni wino. Ndio wino tunaoandikia kwenye ubao wa mbao tunapojifunza Kurani. Unasaga mkaa, unatia gundi ili ushike, unatia maziwa ili uteleze. Na mtu akiumwa, au mwanamke akijifungua, maalim anaandika aya kwenye ubao, anauosha kwa maji, na maji yale meusi mgonjwa anakunywa au anapakwa. Waswahili wanaita kombe, sisi tunaita tahlil.

Baba yangu, Aabo, ni maalim, yuko Diff kule mpakani, unakumbuka. Hooyo alikuwa akitia maji ya tahlil kidogo katika mafuta ya waliojifungua, kwa baraka. Alipofariki nikaendelea. Kila mwezi naomba chupa, na kila mwezi Aabo anaandika, anaosha, anaikabidhi kwa lori. Hajawahi kukosa, hata ukame ulipomlia nusu ya mbuzi wake. Mimi nampelekea sukari na majani ya chai. Kopo sijawahi kumpelekea hata moja. Ningemwambia ni la nini?

Maana anaamini chupa ile bado ni ya wanawake waliojifungua. Hajui kwamba mafuta yalihama. Maneno ya Mungu, Kalekye, na angalia nilipoyapeleka. Mwanzo nilitia kwa mazoea, baadaye nikaogopa kuacha. Nilijaribu kupika sufuria moja bila chupa na nikajiona napika mafuta ya mtu mwingine. Nikaitia.

Na sasa watu wale wameipima tahlil ya baba yangu kwa mashine, wakaipa jina na kusema wameivumbua wao! Ningekuwa sina baba ningepanda basi leo niwaambie usoni.

Lakini ninaye. Amefundisha watoto wa Diff maisha yake yote. Wazazi wakisikia maji ya aya zake yanapakwa wapi, na kwamba yanauzwa, madrasa itabaki na vumbi. Na yeye mwenyewe akisikia, sijui. Tangu kabla ya ukame uliopita sijamwona. Siwezi kulisema neno paja mbele yake hata kama nazungumzia paja la mbuzi.

Acha duka life. Mtafutie Amino njia nyingine, wewe ndiye uliyesoma. Hili usiliandike popote na usilitamke kwenye simu.

Ramlo


Nairobi, 6 Novemba 2023

Ramlo,

Nimekupigia simu mpaka nimeona aibu. Sikusudii kulitaja jambo lako, nataka tu upokee.

Nimetafuta njia nyingine na haipo. Kusema ni wino hakutoshi. Baraza litauliza ni wino wa nani, nani anautengeneza, tangu lini, na jibu lazima litoke kwa mwenyewe. Wametupa muda hadi mwisho wa mwezi ujao. Baada ya hapo hataza inabaki kwao, wewe hutapika tena mafuta ya mama yako maishani, na Amino anaitwa polisi. Duka ni lako, ukitaka life ni haki yako. Amino ana watoto.

Nimeamua kumwandikia Maalim mimi. Nitaandika kwa adabu. Sitataja ngozi, sitataja wanawake, nitamwuliza tu anavyotengeneza wino wake na anampelekea nani. Kuna mtu anapanda ndege kwenda Wajir, na huko atapata gari la Diff. Nisiposikia neno kutoka kwako kufikia Ijumaa, nitahesabu kimya chako kuwa ruhusa.

Nisamehe mapema.

Kalekye


Garissa, 24 Novemba 2023

Ruhusa!

Barua yako imenifikia leo. Leo, Kalekye! Mto umemwagika, barabara ya Madogo imekatika, mabasi yamelala ng'ambo ya maji na bahasha zake. Dereva amevuka na mashua akiwa ameziweka kofiani. Kimya changu hakikuwa ruhusa, kilikuwa mafuriko.

Ndiyo, simu nilikuwa naiona ikilia. Nilikuwa naigeuza kifudifudi. Najilaumu mimi na nakulaumu wewe, na sijui nani zaidi.

Eti hutataja ngozi. Unamjua Aabo? Mtu akimwuliza njia ya kisimani anajua kama ana ngamia au amekimbia vita. Wakili wa Nairobi amwandikie mzee wa Diff kuhusu wino, halafu asijiulize?

Naondoka kesho. Kuna lori la Dadaab linalopita barabara ya juu, na kutoka hapo nitapanda chochote chenye magurudumu. Iftin amefunga shule, atakaa na bibi yake. Kama kuna mtu wa kumwambia baba yangu nimeyafanyia nini maandishi yake, ni mimi. Sijui nitasema nini. Najaribu maneno tangu mchana na kila nikifika pale yanagoma.

Niombee barua yako izame njiani.

Ramlo


Diff, 3 Desemba 2023

Kwa Wakili Kalekye,

Binti yangu, assalamu alaikum. Mimi ni Dubow, mwalimu wa madrasa hapa Diff. Kiswahili changu ni cha sokoni, hivyo mimi nasema kwa Kisomali na Mwalimu Awil wa shule ya msingi anaandika. Ni mtu wa kunyamaza.

Barua yako ilifika kabla ya Ramlo. Yeye alikuja juu ya lori la maji, tope mpaka kwenye nyusi, akasema amenikumbuka tu. Tumezungumza mvua, tumezungumza mbuzi, tumezungumza bei ya ngamia huko Elwak. Kila mara anafungua mdomo, kisha ananiuliza kama nataka chai. Nimekunywa chai nyingi wiki hii. Sasa hivi amejinyoosha upande wa pili wa ukuta baada ya adhuhuri, na nataka tumalize kabla hajaamka.

Umeandika kwa adabu kubwa. Umeuliza wino unatengenezwaje na unakwenda kwa nani, lakini hukuuliza unakwenda kufanya nini. Mtu anayekizunguka kitu hivyo anakijua. Nami nakijua. Mwaka 2017, wakati wa ukame, Shamis anayeuza maziwa hapa alirudi kutoka Garissa na kopo. Akawaeleza wenzake kando ya zizi langu, kwa sauti, akidhani mzee ameshakuwa kiziwi. Alisema ni mafuta ya Ramlo wa Maalim, yana maji ya Maalim, na alisema yanapakwa wapi. Nikaondoka nikaenda kusimama na mbuzi.

Nilikasirika, sikufichi. Angekuwa mtoto wa kiume ningemwita siku ileile. Lakini neno lile baba halisemi kwa binti yake, wala binti kwa baba yake. Hata sasa sijalisema, na Awil anajua asiliandike. Na kama ningeacha kupeleka chupa, angejua kwamba najua, na asingekuja tena kunitazama usoni. Tangu Fatumo mama yake afariki, hakuna kinachotembea kati yangu na mtoto huyu ila sukari yake na chupa yangu. Ningeikata, ningebaki na nini?

Kwa hiyo niliendelea kuandika, ila si aya. Wallahi, tangu mwaka ule hakuna herufi moja ya Kurani iliyoingia katika chupa ya Ramlo. Wino ni uleule, mkaa na gundi na maziwa, na ubao ni uleule. Nilikuwa namwandikia yeye. Nilimwandikia kwamba mvua imechelewa. Nilimwandikia kwamba jino linaniuma na sina wa kumlalamikia. Nilimwandikia kwamba nimemwota mama yake akichota maji na hakugeuka. Kuna mwezi niliandika kwamba nimemkasirikia, na mwezi uliofuata kwamba hasira imekwisha. Nikimaliza kuandika nauosha ubao, maji nayatia chupani, chupa nampa dereva. Niliona ni afadhali barua zangu zifike hivyo kuliko zisifike.

Haya yapeleke barazani. Kadhi anakuja huku wiki ijayo, nitaapa mbele yake. Waambie wino ni wangu, na hakuna kitakatifu kilichovunjiwa heshima. Awil amefunga humu kipande cha wino mkavu ili mashine zao zikione.

Kama ni lazima Ramlo aambiwe, mwambie wewe. Mimi sitaweza.

Dubow Bare


Nairobi, 15 Januari 2024

Ramlo mpendwa,

Natumaini lori linaloleta barua hii limepita, na kwamba uko bado Diff. Kaa mahali peke yako. Pamoja na barua hii kuna nyingine, ya baba yako, aliyoniandikia mwezi uliopita ukiwa umelala nyuma ya ukuta wake. Ameniomba nikuambie yaliyomo. Nimejaribu na mimi pia nimeshindwa, kwa hiyo isome mwenyewe kwanza, kisha urudi hapa.

Umerudi? Basi nikueleze ilivyokuwa.

Nilimwuliza mtaalamu wa Almasira kwa nini walitia maziwa ya ngamia. Akasema kwa ulaini. Nikamwuliza kwa nini si ya ng'ombe. Akamtazama wakili wake. Nikamwuliza kama aliwahi kupika mafuta yale bila mkaa ili aone mkaa unafanya nini hasa. Hakuwahi, na sidhani yeyote kati yao aliwahi. Walinunua makopo yako, wakapima kila kilichomo, na chochote wasichokijua wakakiita uvumbuzi.

Ndipo nikatoa kipande cha wino, na kiapo cha Maalim. Maabara ilikuwa imekipima wiki iliyotangulia. Ni kitu kimoja na kilichomo kwenye kopo la Amino na kilichomo kwenye hataza yao.

Wakili wao akasimama. Alidhani amepata pa kunikaba, akauliza mzee huyo alikuwa akiandika nini kwenye huo ubao. Nikasema barua. Akauliza barua kwa nani. Nikasema kwa binti yake. Akauliza zilisema nini.

"Mheshimiwa," nikasema, "hazijawahi kusomwa. Zimo kwenye makopo."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwenyekiti alivua miwani akakaa nayo mkononi. Uamuzi umetoka leo asubuhi: hataza imefutwa, Amino hana kosa, duka lako lifunguliwe. Almasira wanaweza kukata rufaa na sitashangaa wakijaribu, kwa hiyo usilale sana.

Mimi nina jambo langu. Nimekuwa nikijipaka mafuta yako tangu Septemba, unajua wapi. Jana nilifungua kopo, nikalifunga. Sikujua tena kama nina haki.

Kalekye


Garissa, 9 Machi 2024

Kalekye walaal,

Jipake tu. Aabo hana neno na wewe.

Nilisoma zile barua mbili nyuma ya zizi, nimesimama, kwa sababu kukaa sikuweza. Nililia mpaka Shamis akaja kuuliza kama kuna msiba Garissa. Nilikuwa nawaza miaka yote ile nikikoroga. Jino lake, Kalekye. Amesumbuliwa na jino na mimi nimelikoroga kwa mwiko, nikaliuza Eastleigh.

Kisha nilinawa uso nikaenda kukaa naye. Unafikiri tulisema? Aliniambia mbuzi mweupe anakaribia kuzaa. Nikamwambia naona. Tulikaa hivyo mpaka jua likashuka, na ilikuwa imetosha. Siku ya kuondoka tu, lori limeshawashwa, ndipo nilipopata ulimi.

"Aabo, chupa ya mwezi huu usiitie maji."

"Nitie nini?"

"Usioshe ubao. Nitumie kama ulivyo."

Alitazama magurudumu ya lori. "Mafuta yatakosa wino."

"Yakose."

Nimerudi, nimefungua duka. Wateja wamejipanga, makopo hakuna, na wote wananiuliza nitapika lini. Simu inalia mpaka Iftin amekata tamaa ya kuisomea. Ramadhani inaingia, baada ya Idi ni harusi, na kila bibi harusi anataka mafuta jana. Nami nilikuwa nimekaa mlangoni nikitazama barabara kama mwendawazimu. Kila lori lililosimama nilikwenda kuuliza.

Leo limekuja. Si chupa. Ni ubao, umefungwa ndani ya gunia la unga na kamba ya mkonge, na dereva ameubeba magotini njia nzima kwa sababu aliambiwa usiguswe na jasho. Ameandika Kisomali kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wanavyoandika, na mkono wake sasa unatetemeka. Nimesoma polepole kwa kidole, bila kugusa. Nakutafsiria, maana bila wewe nisingeusoma:

"Ramlo. Mbuzi mweupe amezaa pacha. Shamis amenipa mafuta yako kidogo, nimepaka magoti. Ni mazuri sana. Mbona hukuwahi kuniletea?"

Mwisho ni huo, ubao umejaa. Nimeutundika jikoni, ukuta unaotazamana na sufuria, mbali na moshi.

Nundu za Elwak zimefika. Sufuria hili la kwanza ni la magoti ya mzee wangu, na lori la Diff linaondoka Jumatatu. Waliojipanga mlangoni wangoje.

Ramlo